Shayiri ya Mama Beltani

Keki waliyomwandalia ilikuwa na umbo la kibao cha udongo, na watu wa Chuo cha Nyakati, Tabora, walikuwa wameshaanza kuipiga picha kabla mwenyewe hajafika. Dakta Nyamizi Kasanda aliingia na begi la safari, tuzo ya kioo kwapani, amevaa gauni la kitenge lililokuwa limeshapata sifa zake huko Windhoek, alikopewa tuzo. Vigelegele vikapigwa. Profesa Kapalata, mkuu wa chuo, mtu mnene ambaye akicheka hata asiyejua kilichosemwa hucheka naye, alimkumbatia mpaka tuzo nusura ianguke.

"Haya, mama wa Babeli, sema neno!"

Akasema neno. Akawasimulia jinsi alivyowaonyesha watu wa kule picha ya mkataba wake: kibao kidogo cha kuenea kiganjani, na pembeni mwake alama ya ukucha uliokandamizwa kwenye udongo mbichi. "Nikawaambia, ukucha huu ni wangu mimi. Nina mama mwenye umri wa miaka elfu nne, na nimeahidi mbele ya mashahidi kumlisha mpaka afe." Ukumbi wa Windhoek ulikuwa umecheka na kupiga makofi. Wa Tabora nao ukacheka, ukapiga makofi.

Aliyekuwa hacheki ni Gaspari peke yake. Gaspari ndiye fundi wa mtambo, kijana mpole asiyependa sherehe, na alisimama karibu na mlango akiwa na kipande cha keki ambacho hakukigusa. Nyamizi alipompitia kumsalimia, alimwuliza swali moja tu, kwa sauti ya chini.

"Dakta, yule bibi ulimwachia nani?"

Nyamizi alielewa papo hapo. Hakujifanya hajasikia, wala hakuuliza bibi yupi. Uso ulimwaka, na ile tuzo ikawa nzito ghafla, hajui aiweke wapi.

Alikusudia. Jamani, alikusudia! Kabla ya kusafiri alipaswa kuingia mjini mule na kumweka wakala, mtu wa sokoni anayeaminika, amfikishie bibi shayiri yake, mafuta yake ya ufuta na sufu yake ya nguo. Ni kazi ndogo, haimalizi hata asubuhi moja. Akaisogeza mbele mpaka wiki ya mwisho, wiki ya mwisho ikaliwa na fundi cherehani, na alipokuja kukumbuka alikuwa ndani ya ndege, mkanda umeshafungwa. Nikitua nitampigia Gaspari, alijiambia. Akatua. Kulikuwa na watu wenye maua wanamsubiri, na simu ikawa ya kupigia picha.

"Yupo hai?" akauliza.

"Yupo," Gaspari akasema. "Mavuno mawili yamepita, Dakta."

*

Mji wenyewe ulikuwa Sipari, mji wa kale wa Babeli kando ya Mto Frati, na uliishi ndani ya mtambo uliokuwa chini ya sakafu ile ile waliyokuwa wakiikanyaga kwa viatu vya sherehe. Watu wa kale wa Sipari waliandika kila kitu. Nani kakodi shamba la nani, nani kapokea kondoo, nani kahama nyumba akaondoka na mlango wake. Waliandika kwa ncha ya unyasi kwenye udongo mbichi, udongo ukakauka, ukafukiwa, ukafukuliwa. Chuo kikaulisha mtambo kila kibao kilichosomeka, na mtambo ukajaza mapengo. Kibao kimoja kikisema mfereji umejaa tope, na kingine kikisema shamba la mbele yake limekodishwa kwa bei ya kutupa, basi lazima yupo mtu aliyekosa maji mwaka ule, na mtu huyo lazima ana mke wa kugombana naye. Hivyo ndivyo walivyopatikana watu wa Sipari. Walikula, waliugua, walizaa. Hawakujua kwamba wako chini ya sakafu ya mtu.

Wafadhili walitaka kuona bei zikipanda na kushuka kwa miaka mingi, kwa hiyo mji ulikimbizwa. Siku moja ya Tabora ilikaribia miezi miwili ya kule. Mtafiti akivaa kofia ya mtambo na kuingia, mwendo wa mji ulipunguzwa ukaenda sawa na wake; akitoka, mji ukaachiwa ukimbie tena. Nyamizi alikaa Windhoek wiki mbili, maana baada ya tuzo kulikuwa na mialiko, na baada ya mialiko kulikuwa na mbuga za kuona.

Profesa Kapalata alifunga mlango wa ofisi yake na kumwonyesha kiti.

"Usinitazame hivyo, Nyamizi. Hakuna aliyekufa. Na hata angekufa, tuambizane ukweli, angekuwa amekufa nani? Ni hesabu na umeme."

"Nimekaa naye, Profesa. Amenisuka nywele."

"Najua umekaa naye. Ndiyo maana nimekuita." Akashusha sauti, japokuwa mlango ulikuwa umefungwa. "Gaspari anahifadhi nakala ya mji kila asubuhi. Nakala ya siku uliyosafiri bado ipo. Nafasi ya kuhifadhi ni finyu, ikifika saa kumi na mbili jioni leo mtambo utaifuta wenyewe na kuandika mpya juu yake. Kabla ya hapo tunaweza kuurudisha mji pale pale. Bibi yako anaamka asubuhi ile ile, ghala limejaa, amenona. Unamweka wakala wako, yamekwisha. Hatasahau njaa, maana hakutakuwa na njaa ya kusahau."

"Na wengine?"

"Wengine wapi?"

"Waliozaliwa tangu siku ile."

Profesa akafikicha macho. Hakuwa mtu mbaya, na swali lile alikuwa ameshajiuliza. "Watazaliwa tena," akasema. "Au watazaliwa wengine. Nyamizi, wiki ijayo waandishi wa habari wanakuja kumwona mama yako. Wamwone akiwa mifupa? Waandike nini? Kwamba mshindi wa tuzo alikwenda kutazama tembo?"

Nyamizi alijisikia akilipokea wazo lile haraka haraka, kama mtu aliyefumwa bila nguo akarushiwa khanga. Asingejua mtu. Bibi mwenyewe asingejua. Hiyo ndiyo iliyokuwa tamu, na ndiyo iliyomfanya ajichukie pale pale kwenye kiti.

"Ngoja nimwone kwanza," akasema.

"Ukimwona utapata tabu zaidi."

"Najua, Profesa."

Gaspari alikuwa akimngoja chini, kofia mkononi. Alisubiri mpaka Nyamizi amelala kwenye kitanda cha kuingilia ndipo akamwambia lililobaki. Kulikuwa na kesi. Mtoto wa kaka yake bibi alikuwa amekwenda kwa mahakimu kumshtaki Nyamizi, na yeye Gaspari alikuwa ameupunguza mji mwendo tangu alfajiri ili kesi isiishe kabla mshtakiwa hajarudi na keki yake.

"Nitakuwa sikioni mwako," akasema. "Ikikaribia saa kumi na mbili nitakuuliza. Usiponiambia kitu, nitaacha ifutike."

*

Beltani alikuwa mwanamke wa Shamashi. Maana yake, alipokuwa binti mdogo baba yake alimtoa kwa Shamashi, mungu wa jua, mungu wa haki, akaenda kuishi na wanawake wenzake ndani ya Ua wao wenye ukuta mrefu. Wanawake wa Ua hawakuzaa, lakini hawakukaa bure. Walikodisha mashamba, walikopesha nafaka, walijua bei ya ufuta kabla haijafika sokoni. Na kwa kuwa hawakuzaa, wakizeeka walijitafutia mtoto kwa mkataba. Mtoto huyo atakuletea shayiri, mafuta na sufu kila mwaka, na ukifa atakumwagia maji na kulitaja jina lako, usije ukakaa huko chini na kiu bila mtu wa kukuita. Wewe utamwachia nyumba.

Nyamizi alikuwa ameingia Sipari kama mjane mfanyabiashara kutoka mbali kusini. Alimpenda Beltani kwa ulimi wake mkali, na Beltani alimpenda kwa sababu aliuliza maswali mengi na kusikiliza majibu. Siku ya mkataba ilikuwa siku nzuri. Mtu asiye na muhuri hukandamiza ukucha wake kwenye udongo, au pindo la nguo yake, na hapo ni kama mwili wake umesema. Nyamizi alikandamiza ukucha akitabasamu, akiwaza picha itakavyopendeza ukutani. Beltani alilia kweli kweli. Tangu siku ile hakumwita jina lingine ila mwanangu.

Sasa mahakimu watatu walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha lango la hekalu, na watu wa mtaa wamesimama nusu duara. Beltani alikuwa kwenye mkeka. Alikuwa amevaa nguo mbili za sufu, moja juu ya nyingine, katika joto lile, ili mwili wake usionekane ulivyokwisha. Nyamizi alilijua kusudi la nguo ile ya pili mara tu alipoiona, akatamani ardhi ipasuke.

"Mwanangu!" Beltani akapiga kelele. "Si niliwaambia? Si niliwaambia alikuwa safarini? Mwoneni huyo!"

Nyamizi akapiga magoti, akaushika mkono wake. Ulikuwa mkavu na mwepesi, na bangili zake zote hazikuwepo.

"Shikamoo, mama."

"Umekonda wewe," Beltani akasema, akimpapasa shavu. "Huko ulikokwenda hawali?"

Waradi, mtoto wa kaka yake, alisimama mbele ya mahakimu. Alikuwa mtu wa mashamba, mabega mapana, na kiunoni alikuwa amembeba binti yake aliyekuwa akitafuna kamba ya nguo ya baba. Nyamizi alikuwa akimfahamu Waradi. Alipoondoka, Waradi hakuwa na binti.

"Waheshimiwa mahakimu," akasema, "nyumba ya shangazi naitaka, sitadanganya mbele ya hekalu, nina watoto. Lakini si nyumba iliyonileta. Mke wangu amempelekea unga mara nyingi mpaka amechoka. Shangazi anautoa nje, unaliwa na mbuzi. Nikamwuliza, shangazi, kwa nini? Akaniambia, nikila unga wako nitakuwa nimesema kwamba mwanangu hanilishi."

"Mwongo huyu," Beltani akasema. "Tangu mdogo."

"Ameuza bangili zake kwa mama muuza pombe, moja moja. Fedha ile akanunulia shayiri. Halafu akawalipa wapagazi waipitishe mtaani mchana kweupe, waipitishe taratibu, watu waone, na yeye amesimama mlangoni anasema, karibuni, mwanangu ameleta. Tukajua ameleta. Bangili zilipokwisha, wapagazi wakaacha kuja." Akamhamishia mtoto upande wa pili. Sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza. "Amekula majani ya kitunguu na tende za uani kwake. Mwanamke aliyekuwa akikopesha nusu ya mtaa huu."

Mama muuza pombe, aliyekuwa katikati ya watu, aliinamisha kichwa. Hakuna aliyemwuliza kitu.

Hakimu mkubwa, mzee wa macho mekundu, aliagiza kibao kiletwe. Mkataba wa Sipari hufungwa ndani ya bahasha ya udongo, na nje ya bahasha huandikwa maneno yale yale, ili mtu asipate kuchezea. Akaigonga bahasha kwenye ukingo wa jiwe, ikapasuka, akaisoma shayiri, akayasoma mafuta, akaisoma sufu. Kisha akamwita Nyamizi aweke ukucha wake juu ya alama. Akauweka. Ukaingia mahali pake bila kubakiza nafasi.

"Ni wako?"

"Ni wangu."

Hakimu akamgeukia Beltani, akalainisha sauti. "Bibi, wewe ndiye mwenye haki hapa. Binti huyu amekulisha, au hakukulisha?"

"Amenilisha."

"Utaapa?"

"Nitaapa. Kwani naogopa nini?"

Wakaenda ndani kulileta jua la Shamashi, sahani kubwa ya shaba iliyowekwa juu ya mti, ambayo mtu huishika anapoapa. Watu walirudi nyuma kidogo. Kila aliyekuwa pale alijua bibi yule amelala chini ya ukuta wa mungu huyo maisha yake yote, amefagia ua wake, hajawahi kuitwa kwa jina la mume wala la mtoto ila jina la mungu huyo. Na kila aliyekuwa pale alijua anachotaka kufanya. Beltani akajisukuma kwa mikono miwili, akasimama.

"Dakta," sauti ya Gaspari ikaja sikioni, ndogo. "Nakala bado ipo. Chochote kitakachotokea hapo, tunaweza kukifuta."

Ilikuwa kweli. Angeweza kumwacha aape, na kabla ya jioni kiapo chenyewe kisingekuwa kimewahi kutokea, wala njaa, wala bangili kupotea. Angeweza kusimama pale amesitiriwa, na kisha akasitiriwa tena. Binti wa Waradi alikuwa amehamia kwenye kidevu cha baba yake, anakivuta. Watazaliwa tena, alisema Profesa, au watazaliwa wengine. Mkono wa Beltani ulikuwa umeshanyoshwa kuelekea shaba.

"Msimwapishe," Nyamizi akasema. "Sikumlisha."

Alisema polepole mno, ikabidi hakimu amwombe arudie. Akarudia, na safari hii ikasikika mpaka nyuma.

"Kaa kimya, mtoto," Beltani akasema haraka. "Amechoka na safari huyu. Hajui asemalo."

Lakini hakimu alikuwa amemwinulia mkono anyamaze. Alimtazama Nyamizi kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyokuwa mbaya. "Sheria yetu haimfungi mtu kwa lililomshinda," akasema. "Mto ulifurika ukashindwa kupita?"

"Hapana."

"Uliibiwa njiani?"

"Sikuibiwa."

"Uliugua? Ulishikwa na adui?" Mzee wa watu alikuwa akimfungulia milango mmoja baada ya mwingine, na Nyamizi ilimbidi asimame aifunge yote kwa mkono wake.

"Sikuugua, mheshimiwa. Nilisahau."

"Umesahau mavuno mawili?"

"Nilikuwa kwenye sherehe."

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja nyuma alisonya, msonyo mrefu. Nyamizi alijua kwamba akiinua macho ataona nyuso, kwa hiyo aliyaweka kwenye vidole vyake. Shavu lililopapaswa muda mfupi uliopita lilikuwa likimwaka. Alitaka kuomba radhi na hakulipata neno ambalo halikuwa dogo mno.

Hukumu haikuchukua muda. Umama na umwana umevunjwa. Waradi atachukua nyumba bibi akifa, na kuanzia leo atamletea shayiri, mafuta na sufu, na bibi atavipokea, maana sasa hakuna anayemsitiri kwa kuvikataa. Hakimu akakipiga kibao kwenye jiwe. Vipande wakavitupa kwenye beseni la mwandishi vilowe, vikandwe upya, na kesho udongo ule ule uandikiwe kondoo wa mtu.

Beltani alikuwa amekaa chini tena. Hakumtazama Nyamizi. Alikuwa akilitazama lile beseni.

*

Nyumba ilikuwa na chumba kimoja na ua mdogo wenye mtende. Mke wa Waradi alikuwa ameshafika na unga, ameshaoka, ameshaondoka. Beltani alikuwa peke yake kando ya jiko, na ile nguo ya pili alikuwa ameivua, kwa kuwa hapakuwa tena na wa kumficha. Mbele yake kulikuwa na mkate mpana wa shayiri, bado mzima.

Nyamizi alisimama mlangoni. Siku zote alikuwa akiingia bila kubisha. Leo akabisha.

"Ingia," Beltani akasema.

Akaingia, akakaa kwenye udongo mtupu karibu na mlango. Wakakaa hivyo mpaka kivuli cha mtende kikafika ukutani.

"Nilikuwa nimekusitiri," Beltani akasema.

"Ungeapa uongo mbele ya Shamashi, mama."

"Ni mimi ningeapa. Kiapo changu, na mungu wangu. Bangili zimekwisha. Nilikuwa na kitu gani kingine cha kukupa?"

Nyamizi akaanza kulia, na akaona aibu ya kulia, maana machozi yale yalikuwa yakiomba kuhurumiwa na mtu aliyekula majani ya kitunguu. Akayafuta kwa mkono. Beltani alimngoja amalize.

"Huko kwenye sherehe mlikula nini?"

Lilikuwa swali la kweli, lisilo na kejeli. Nyamizi angependa liwe la kejeli.

"Nyama," akasema. "Na samaki. Na vitu vitamu."

"Nyama ya kondoo?"

"Ya kila aina."

Beltani akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu anayepata habari za harusi ya mbali. "Ulinitaja?"

"Nilikutaja. Nikawaambia nina mama Sipari, na nimeweka ukucha."

"Wakasemaje?"

Hapo pangeweza kupita uongo mdogo sana, wa kumfurahisha tu. Nyamizi aliuona kabisa, umekaa tayari.

"Walicheka," akasema. "Nikacheka nao."

Beltani akanyosha mkono, akaligusa jivu pembeni mwa jiko, akalipanga vizuri, japokuwa halikuhitaji kupangwa. Kisha akaiacha mikono yake mapajani. Nyamizi alikuwa amewahi kuona watu wakitukanwa, na yeye mwenyewe alishatukanwa, lakini hajawahi kukaa mbele ya mtu ambaye hakuwa na hasira tena. Angetoa tuzo, na chuo, na jina lake, bibi yule amfokee.

"Dakta." Gaspari alikuwa akinong'ona. "Saa kumi na mbili imekaribia sana. Profesa yuko hapa pembeni yangu. Anasema neno moja tu litatosha. Nibonyeze?"

Neno moja. Angeamka asubuhi ile ya zamani, angeingia humu bila kubisha, Beltani angekuwa amenona na bangili zinalia mikononi, angegeuka kutoka kwenye jiko na kumwita mwanangu. Asingejua. Angempakata kichwa mapajani na kumsuka. Nyamizi alilitaka jambo lile kwa nguvu zote za mwili wake, mpaka taya zikamwuma. Na angekuwa amelala kwenye mapaja yale akijua, kila siku, kwamba yuko mwanamke aliyekula majani kwa ajili yake na yeye akamfuta. Nje ya ukuta wa ua, binti wa Waradi alikuwa akilia kwa sababu ya kitu fulani alichonyimwa.

"Usibonyeze," akasema kwa sauti, kwa Kiswahili.

Akamsikia Profesa akishusha pumzi kwa mbali, na baada ya hapo sikio lake likawa kimya.

"Unasema na nani?" Beltani akauliza. Hakuielewa lugha ile.

"Na mtu wa nyumbani kwetu."

"Wanakungoja?"

"Wananingoja."

Beltani akauvuta mkate. Mikono yake ilikuwa dhaifu, akaumega kwa shida, na vipande havikutoka sawa. Kwa desturi ya Sipari mama hula kwanza, mtoto akala kinachobaki. Nyamizi alikuwa ameijua desturi hiyo na kuiandikia ukurasa mzima, na siku zote alizokula humu ndani alingoja zamu yake. Sasa Beltani alikipima kipande kikubwa kwa jicho, akakiweka kwenye kitambaa safi, na kwa mikono miwili, kwa adabu zote anazofanyiwa mtu wa mbali, akamsogezea yeye wa kwanza.

"Kula, mgeni," akasema. "Usiondoke na njaa."